Bwawa Lisilo na Mwenyewe

Huku Uasin Gishu ukiuliza ng'ombe fulani ni wa nani, utapata jibu kabla hujamaliza swali. Ukiuliza shamba, utaonyeshwa mpaka, mti ulio kwenye mpaka, na kama una bahati utasimuliwa kesi ya mpaka. Sasa uliza lile bwawa lililo bondeni ni la nani. Mmoja atasema ni la kaunti. Mwingine atasema ni la kampuni ya zamani iliyonunua shamba. Wa tatu atasema ni la mzungu, ambaye aliondoka kabla babako hajaoa. Wa nne atacheka tu aseme ni la ng'ombe.

Hatari inaanzia kwenye majibu hayo, kabla hata hujatazama nyufa. Ukuta wa udongo unaozuia maji, na hakuna mtu mwenye jina na namba ya simu anayewajibika nao, haufai kuitwa bwawa. Ni maji yanayosubiri mvua ya kutosha. Na chini yake sasa kuna watu.

Naandika nikiwa upande wa Chepsaita, nje kidogo ya Eldoret. Ukilijua jina hilo, basi pengine umelisikia kwa sababu ya mbio za nyika. Tunajua kukimbia na tunajua kupima. Mtu akimaliza mbio nusu sekunde nyuma ya mwenzake, tuna mashine ya kuonyesha. Lakini kina cha maji kwenye bwawa la kijiji Aprili hii, ukilinganisha na Aprili iliyopita, hakuna anayekiandika popote.

Tuanze na yalikotoka haya mabwawa. Makaburu waliokuja na msafara wa van Rensburg mwaka 1908, na Waingereza waliofuata, walipewa nyanda hizi zilizokuwa malisho ya watu wengine. Mji wenyewe ulianza kama posta kwenye shamba namba 64, ndiyo maana wazee wetu mpaka leo wanauita Sisibo. Mlowezi mwenye ng'ombe na ngano alihitaji maji ya kiangazi. Basi alitafuta kijito, akakinga bonde kwa ukuta wa udongo, akaacha mfereji pembeni wa kutoa maji yakizidi, kazi ikaisha. Waliobeba ule udongo tunawajua ni akina nani, na majina yao hayakuandikwa.

Kuna jambo moja la kukera katika historia hii. Huko kwao Uingereza, mwaka 1925, maji yaliyovunja mabwawa ya Dolgarrog, Wales, yaliua watu 16. Bunge lao likakasirika, na mwaka 1930 likapitisha sheria kwamba bwawa kubwa lazima likaguliwe na injinia aliyeidhinishwa, angalau mara moja kila miaka 10. Sheria hiyo haikupanda meli kuja Mombasa. Mlowezi alileta ng'ombe, jembe la kukokotwa na kanisa lake. Ukaguzi aliuacha nyumbani.

Halafu uhuru ukaja, mashamba yakanunuliwa, mengi kupitia kampuni na vyama vya watu waliochanga pesa. Ardhi ikagawanywa ekari kwa ekari. Lakini bwawa haligawiki. Likabaki katikati, la wote, na tunajua maana ya "la wote" katika nchi hii. Kila mtu ananywesha pale, kila mtu anachota mchanga pale, watoto wanaogelea pale, na wengine hawarudi. Likihitaji kazi, ghafla linakuwa la serikali.

Niliacha chuo kabla ya kuvaa joho, kwa hivyo usinichukue kama injinia. Lakini namna ukuta wa udongo unavyokufa si siri ya maprofesa. Njia zake ni chache na zinaonekana kwa macho.

Njia ya kwanza ni maji kupita juu yake. Zege inaweza kuvumilia maji kuimwagikia kwa muda. Udongo hauvumilii. Maji yanatafuta mahali palipo chini zaidi juu ya ukuta, na mara nyingi ni pale ng'ombe na bodaboda wamepita miaka nenda miaka rudi mpaka pakabonyea. Kinachoanza kama kijito cha upana wa jembe kinachimba, kinapanuka, na muda si muda ni lango.

Njia ya pili ni maji kupita ndani. Shimo la fuko. Mzizi wa mkaratusi uliokatwa ukaozea ndani ya ukuta. Bomba la mlowezi lililoliwa na kutu. Ukiona maji yanavuja upande wa chini na ni safi, angalia na uendelee kuangalia, maana ukuta wa udongo mara nyingi huvuja kidogo. Ukiona yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji hayo yanaubeba ukuta wenyewe, chembe kwa chembe.

Njia ya tatu ni ubavu wa ukuta kuporomoka kwa kulowa na kulemewa.

Kinachozuia ile njia ya kwanza ni ule mfereji wa pembeni. Huo ndio pumzi ya bwawa. Nenda uuangalie ulio karibu nawe. Utakuta umepandwa mahindi, kwa sababu udongo wake una unyevu mtamu. Au umezibwa na ua wa mtu. Au kuna aliyepanga magunia ya mchanga mdomoni mwake ili maji yajae zaidi kwa ajili ya kiangazi, akiwa na nia nzuri kabisa, bila kujua kwamba ameziba pua ya mgonjwa. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliye mhalifu. Ni watu wa kawaida wanaotumia kitu ambacho hakuna aliyewaambia kina kazi gani, kwa sababu hakuna ambaye ni kazi yake kuwaambia.

Utasikia wazee wakisema: bwawa hili limekaa miaka 70, limeona mvua ya Uhuru, limeona El Niño ya 1997, litatufanya nini? Kwa heshima zote, wazee wangu, hiyo si hoja. Ukuta wa udongo haukomai kama mti wa msituni. Unazeeka kama gari. Kila mwaka tope linajaa chini, nafasi ya maji inapungua, na mvua ileile inafika juu mapema zaidi. Tena yaliyo chini ya bwawa si yale ya miaka 70 iliyopita.

Hapo ndipo nataka vijana wa mjini tusikilizane vizuri, maana hili linatuhusu sisi.

Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zilipanga mabwawa ya Kenya kwa madaraja matatu: A, B na C. A ni hatari ndogo, C ni hatari kubwa. Vipimo vilikuwa vitatu: kina cha maji, ujazo wa maji, na ukubwa wa eneo linaloleta maji hayo. Bwawa la chini ya mita 5, lenye maji yasiyofika mita za ujazo 100,000, liliangukia A. Sasa fanya hesabu ya shule ya msingi: mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Kwa hivyo bwawa linalokaribia tani laki moja za maji linaweza kuandikwa "hatari ndogo". Na katika jedwali lile hapakuwa na safu ya kuhesabu nyumba zilizo chini.

Wakati wa mlowezi, chini ya bwawa kulikuwa na nyasi. Lingepasuka, angepoteza ndama wachache na usingizi. Leo Eldoret ni jiji. Rais Ruto alikabidhi hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, tukashangilia. Jiji linakula mashamba. Shamba la ngano linakuwa ploti za hamsini kwa mia, dalali anakuonyesha jinsi maji yanavyong'aa pale juu, unalipa, unajenga. Asiyeweza kununua anapanga chumba cha mabati bondeni, kwa sababu bondeni kodi ni nafuu. Bwawa halijasogea hata hatua moja. Sisi ndio tumehamia njia yake. Bwawa lililokuwa na hatari ndogo mwaka 1955 linaweza kuwa la kuua mtaa mzima leo bila jiwe moja kuongezwa, na hakuna karani aliyebadilisha herufi kwenye faili, kama faili lipo.

Tusijifanye hatujui inavyoishia. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, kule Solai, kaunti ya Nakuru, bwawa la shamba la watu binafsi lilipasuka baada ya mvua nyingi. Watu 48 walikufa, wengi wao wanawake na watoto, katika nyumba zilizokuwa chini ya kilima. Bwawa lile lilikuwa na mwenyewe, kweli. Lakini maafisa wa maji walisema baadaye kwamba halikuwa na leseni. Yaani serikali ilijua jinsi ya kulihesabu baada ya mazishi. Watu 9 walishtakiwa, wakiwemo mwenye shamba na maafisa wa serikali. Februari 2020 mahakama ya Naivasha ikawaachilia kwa sababu upande wa mashtaka haukuwa ukiendesha kesi. Miezi michache baadaye Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi huo na kurudisha kesi. Ukiwa umempoteza mtoto, hebu jaribu kufuatilia sentensi hiyo.

Miaka 6 baadaye, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, ikawa zamu ya Mai Mahiu. Kwanza tuliambiwa ni bwawa la Old Kijabe limepasuka. Kisha Wizara ya Maji ikasahihisha: si bwawa, ni maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani baada ya pito lake la chini kuzibwa na matope, mawe na miti. Kana kwamba hiyo ni nafuu. Tuta lile lilikuwa linafanya kazi ya bwawa bila kuwahi kuitwa bwawa. Makumi ya watu walikufa kwa sababu pito moja la maji lilikuwa halina mtu wa kulizibua.

Siku chache baada ya hapo, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Kithure Kindiki, alitoa amri: wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 wahame ndani ya saa 24. Mabwawa 178! Soma tena. Kama orodha inaweza kupatikana wiki ya vilio, basi ilikuwa inaweza kupatikana Januari, wakati wa jua, wakati mtu angeweza kupeleka jembe badala ya polisi. Na ile orodha iko wapi sasa? Imebandikwa kwenye ofisi ya chifu gani? Mvua iliisha, tukarudi kwenye siasa.

Kuna watakaosema hizi ni shida za nchi maskini. Hapana. Tarehe 1 Agosti 2019, katika mji mdogo wa Whaley Bridge, Uingereza, bwawa la udongo la Toddbrook, lenye umri wa karibu miaka 180, lilianza kubomoka. Ule mfereji wake wa maji ya ziada ulivunjika katika mvua kubwa, ukuta ukaanza kuliwa. Watu wapatao 1,500 walihamishwa, pampu zikaletwa, helikopta ya jeshi ikamwaga mamia ya tani za kokoto kwenye shimo. Hakuna aliyekufa. Si kwamba wenzetu ni malaika. Uchunguzi uliofuata ulisema mfereji ulijengwa vibaya na matunzo ya miaka mingi yalikuwa duni. Udongo ni udongo popote. Tofauti ilikuwa kwamba bwawa lile lilikuwa na mwenyewe anayejulikana, lilikuwa kwenye daftari, na siku ya hatari ilijulikana nani apigiwe simu na nyumba zipi zitolewe watu.

Sasa linganisha na Derna, Libya. Mabwawa mawili ya miaka ya 1970 juu ya mji. Mwaka 2007 kampuni ya Uturuki ilipewa kandarasi ya kuyakarabati, kazi haikukamilika. Mwaka 2022 mtaalamu wa maji, Abdelwanees Ashoor, aliandika kwamba mafuriko makubwa yangekuwa janga kwa mji. Septemba 2023 dhoruba ikaja, mabwawa yote mawili yakaondoka usiku mmoja na maelfu ya watu. Kwa hivyo kandarasi bila kazi haitoshi. Ripoti bila mtu wa kuisoma haitoshi. Angalau pale, Julai 2024, maafisa 12 walihukumiwa vifungo, wengine mpaka miaka 27. Lakini kifungo hakirudishi mtu.

Najua majibu ya waheshimiwa. La kwanza: "Tumeleta tingatinga, tumefukua bwawa." Ndiyo, tumeona picha. Kufukua tope ni kazi nzuri na inapigwa picha vizuri. Lakini kufukua si kukarabati. Ukiongeza maji ndani bila kuugusa ukuta wala mfereji, umeongeza mzigo kwa mgongo uleule. Na tingatinga likichimba karibu mno na mguu wa ukuta bila injinia, limemega msingi. Tuonyesheni picha ya ukuta uliokatwa vichaka, sehemu iliyobonyea imeshindiliwa na kusawazishwa, mfereji umefunguliwa. Haina mbwembwe, lakini ndiyo inayookoa watu.

La pili: "Hakuna pesa." Kufyeka ukuta, kuzuia ng'ombe wasipite juu yake, kuwaambia waliopanda mahindi mferejini wavune na wasirudi, kumlipa mtu mmoja apande pale kila wiki ya mvua na daftari na fimbo ya kupimia: hizo si pesa za mkopo wa Benki ya Dunia. Hiyo ni posho ya vikao vichache. Injinia wa kukagua ni ghali zaidi, ni kweli. Mazishi ya pamoja ni ghali kuliko injinia.

La tatu linatoka kwetu wenyewe, nalo ndilo linaloniuma zaidi: "Ni mpango wa Mungu." Mungu ameleta mvua. Hakupanda mahindi kwenye mfereji.

Na kama kuna anayefikiri dawa ni kuyabomoa yote, apoe. Kiangazi kikali kikija, mabwawa haya ndiyo yanayobakisha ng'ombe hai na kitalu cha mboga kijani. Hata kulibomoa bwawa ni kazi ya kitaalamu. Ukikata ukuta ovyo siku ya maji mengi, umesababisha kile ulichokuwa unakiogopa. Mengine yatafaa kuondolewa polepole, kwa mpango. Mengi yanafaa kutunzwa.

Ninachotaka kinaweza kuandikwa kwenye ubao wa mbao, na ndipo hasa nataka kiandikwe. Kila bwawa katika kaunti hii liwe na ubao pembeni mwake. Jina la bwawa. Jina la ofisi inayowajibika nalo na namba ya simu inayoshikwa usiku. Tarehe lilipokaguliwa mara ya mwisho na jina la aliyekagua. Alama ya kimo ambacho maji yakifika, walio chini wanaanza kutoka. Mamlaka ya Rasilimali za Maji iweke daftari la mabwawa yote wazi kwa wananchi, na kwenye daftari hilo kuwe na safu ya nyumba zilizo chini, inayohesabiwa upya kila jiji linapoongezeka. Na kaunti isiidhinishe ploti hata moja chini ya bwawa kabla ya kuliangalia bwawa lenyewe.

Wewe unayesoma hii kwenye simu, pengine umepanga chumba bondeni au mzazi wako amenunua ploti kule kwa akiba ya miaka 20. Kabla ya mvua ndefu, panda juu ukaangalie. Mfereji uko wazi? Ukuta umebonyea wapi? Maji yanayovuja yana rangi gani? Piga picha, andika tarehe, mpelekee chifu na mwakilishi wa wadi kwa barua, si kwa mdomo, na ubaki na nakala yenye muhuri. Siku watakapokuja na mablanketi na kamera kusema hakuna aliyejua, kuwe na karatasi inayosema walijua, lini, na nani alipokea.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa wanazungumzia nyumba. Kwa bwawa, asiyeziba ufa hapati nafasi ya kujenga ukuta tena. Anakuta watu wameshakwenda na maji. Kwa hivyo swali la kuwauliza wote wanaotaka kura zetu 2027, kabla ya barabara na kabla ya uwanja wa michezo, ni lile ambalo hapa kwetu halina jibu: bwawa hili ni la nani?